Toa DNA ya ndizi kwa chujio la chai, kisha isome kwa kalamu

Somo hili ni la wale walioomba tuizungumzie DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, bila kuanza na mchoro wa kitabuni. Tutaanza na kitu cha kushika. Sehemu ya kwanza inafanyika jikoni, na ukiimaliza utakuwa na DNA ya ndizi kwenye kijiti. Sehemu ya pili inataka karatasi na kalamu tu, na kwangu mimi hiyo ndiyo yenye utamu. Wanafunzi wengi wanaijua DNA kwa kukariri: nyuzi mbili, besi nne, sukari na fosfeti. Ukiwauliza kwa nini nyuzi ziwe mbili na si moja, kimya. Shika swali hilo tangu sasa, maana karibu kila kitu kingine kinatoka humo.

SEHEMU YA KWANZA: JIKONI

Tafuta ndizi iliyoiva mpaka ganda limeingia madoa meusi, chumvi, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, chujio la chai, kitambaa chepesi safi, glasi mbili, kijiti cha mshikaki na spiriti. Spiriti ya duka la dawa yenye nguvu ya asilimia 70 inafanya kazi. Ya 90 na zaidi inafanya vizuri zaidi. Lazima iwe ya baridi kali. Asiye na friji aombe barafu kwa wauza samaki, aivunjevunje, ainyunyizie chumvi, kisha aizike chupa humo kwa nusu saa. Kwa joto la huku kwetu Mtwara hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, halafu mtu analalamika hajaona kitu.

Spiriti inashika moto upesi. Zima jiko kabla ya kuifungua, liwe la mkaa au la gesi.

Hatua ya 1. Menya nusu ya ndizi, iponde kwa uma, tia maji nusu glasi, endelea kuponda mpaka upate uji usio na mabonge. Hapa unatenganisha seli na kuvunja kuta zake. Seli ya mmea ina ukuta mgumu ambao sabuni peke yake haiuwezi, kwa hiyo usione uvivu kuponda.

Hatua ya 2. Katika glasi nyingine changanya vijiko viwili vidogo vya sabuni, nusu kijiko kidogo cha chumvi na maji kidogo. Mimina kwenye uji, koroga taratibu kwa dakika tano. Taratibu! Ukikoroga kwa nguvu unapata mapovu, na pia unazikata nyuzi vipande vifupi ambavyo havitajizungusha kwenye kijiti.

Tukae hapa kidogo. DNA ya ndizi imefungiwa ndani ya kiini cha seli, na kiini kimezungukwa na utando wa mafuta. Seli nzima nayo ina utando wa mafuta. Sabuni inayayeyusha hayo mafuta na DNA inamwagika nje. Ila haitoki peke yake, imejiviringisha kwenye protini, na vilevile imejaa chaji hasi kwenye fosfeti zake, hivyo nyuzi zinasukumana. Chumvi ikiyeyuka inaleta ayoni za sodiamu zenye chaji chanya. Zinaenda kukaa kando ya fosfeti, msukumano unapungua, nyuzi zinakubali kukusanyika. Kwa hiyo usiipunguze chumvi eti kwa kuwa hupiki.

Ukitaka kuwa fundi zaidi, ongeza matone machache ya maji ya papai bichi. Wanaolainishia nyama kwa papai wanajua linavyofanya kazi: lina kimeng'enya kinachokata protini, na hapa kitakata protini zilizoishikilia DNA. Friedrich Miescher, Mswisi aliyekuwa wa kwanza kutenga kitu hiki mwaka 1869 kule Tübingen, Ujerumani, alitumia kimeng'enya kutoka tumbo la nguruwe kwa kazi hiyohiyo. Malighafi yake ilikuwa usaha wa bendeji za hospitali. Sisi tuna ndizi, tushukuru.

Hatua ya 3. Chuja kwa chujio, kisha tena kwa kitambaa. Usikamue kitambaa, acha maji yatiririke yenyewe.

Hatua ya 4. Inamisha glasi yenye maji uliyochuja, mimina spiriti ya baridi polepole kupitia ubavuni mwa glasi ili ielee juu. Kipimo chake kilingane na maji yaliyo chini. Usikoroge.

Hatua ya 5. Subiri dakika tano mpaka kumi. Pale maji na spiriti vinapokutana utaona ukungu mweupe, halafu vinyuzi vinavyopanda na vipovu vidogo. DNA inayeyuka kwenye maji lakini kwenye spiriti haiyeyuki, ndiyo maana inajitokeza hapohapo mpakani. Tumbukiza kijiti, kizungushe upande mmoja tu, kitoe.

Umeipata, lakini usimtangazie mtu kuwa hiyo ni DNA tupu. Kwenye huo ute kuna pia RNA (ndugu ya DNA, tutaikuta Hatua ya 9), protini zilizobaki na pektini, ule utelezi wa ndizi, ambayo nayo inakimbia spiriti. Nimeona video nyingi mtandaoni zinazoliruka jambo hili, na sipendi. Maabara halisi wana hatua nyingine za kusafisha. Wala usifikiri unauona uzi mmoja. Upana wa molekuli ya DNA ni nanomita 2, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unachokiona ni mamilioni ya nyuzi zilizosongamana.

SEHEMU YA PILI: KWA KALAMU

Hatua ya 6. Chora umbo. Fikiria ngazi ya kamba inayoning'inia ubavuni mwa jahazi, kisha mtu ameishika chini akaisokota. Kamba mbili za pembeni ni sukari na fosfeti zinazopokezana, sukari, fosfeti, sukari, fosfeti. Vidato ni besi mbilimbili zilizoshikana katikati. Sukari yake inaitwa deoksiribosi. Kila mzunguko mmoja kamili una vidato kama 10 na urefu wa nanomita 3.4. Kamba mbili zinaelekea pande tofauti: moja ikianzia juu kwenda chini, mwenzake anaanzia chini kwenda juu.

Hatua ya 7. Andika besi nne: adenini (A), thaimini (T), guanini (G), sitosini (C). A hushikana na T tu, kwa bondi mbili za haidrojeni. G hushikana na C tu, kwa bondi tatu. A na G ni pana, T na C ni nyembamba. Pana na nyembamba zikikutana kila kidato kinakuwa na upana uleule, na ngazi haina pa kuvimba wala kubonyea.

Hilo la A na T, G na C halikubuniwa mezani. Erwin Chargaff alikuwa ameshapima DNA za viumbe mbalimbali, akakuta kiasi cha A karibu kinalingana na cha T, na G na C vivyo hivyo. Mwaka 1952 kule King's College London, Raymond Gosling, akiwa chini ya Rosalind Franklin, alipata ile picha ya eksirei iliyoonyesha wazi alama za umbo lililosokotwa. James Watson na Francis Crick waliunganisha vipande, wakachapisha umbo hilo Aprili 1953. Tuzo ya Nobel ya 1962 ikaenda kwa Watson, Crick na Maurice Wilkins. Franklin alikuwa amefariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, na tuzo hiyo haitolewi kwa marehemu. Picha yake ilionyeshwa kwa Watson bila yeye kujua. Mwalimu anayefundisha mada hii bila kumtaja Franklin, mimi namhesabu hajafundisha.

Hatua ya 8. Nakili uzi. Andika hizi besi tisa:

CCT GAG GAG

Chini yake andika mwenzake kwa kufuata kanuni:

GGA CTC CTC

Sasa funika mstari wa juu kwa mkono, utazame wa chini tu. Je, unaweza kuuandika upya wa juu? Unaweza, herufi kwa herufi. Funika wa chini, utaurudisha kutokana na wa juu. Hilo ndilo jibu la swali letu la mwanzo. Seli inapojigawa, nyuzi mbili zinaachana, na kila mmoja unatumika kujengea mwenzake mpya. Zinapatikana DNA mbili, kila moja ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Matthew Meselson na Franklin Stahl walilithibitisha hilo kwa majaribio ya bakteria, wakachapisha mwaka 1958. Na uzi mmoja ukiharibika kwa jua au kemikali, vimeng'enya vya kukarabati vinautazama mwenzake ili kujua kilichokuwepo.

Hatua ya 9. Soma. Seli haipeleki DNA yenyewe kiwandani. Inatengeneza nakala ya RNA, ambayo ni uzi mmoja na mahali pa T huweka U, yaani urasili. Nakala ya uzi wetu wa chini ni:

CCU GAG GAG

Inatoka nje ya kiini, inafika kwenye ribosomu, ndicho kiwanda cha protini, inasomwa tatu tatu. Kila kundi la herufi tatu ni kodoni. Kodoni zote zinazowezekana ni 64. 61 zinataja asidi amino, yaani matofali yanayojenga protini, na 3 zinaamuru kusimama. Asidi amino ziko 20, kwa hiyo nyingi zina kodoni zaidi ya moja. Hapa kwetu: CCU ni prolini, GAG ni asidi glutamiki, GAG ya pili vilevile.

Hatua ya 10. Badilisha herufi moja. Kwenye kodoni ya pili weka T badala ya A: CCT GTG GAG. RNA yake inasomeka prolini, valini, asidi glutamiki. Asidi amino moja tu imebadilika. Herufi hizi tisa sikuziokota hovyo, ni kipande halisi cha jeni (sehemu ya DNA yenye maelekezo ya protini) ya beta-globini, moja ya minyororo inayounda himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mnyororo huo una asidi amino 146, na badiliko hilo la nafasi ya 6 ndilo linaloleta selimundu. Valini haipendi maji, asidi glutamiki inayapenda. Himoglobini zenye valini hapo zikikosa oksijeni zinashikana, zinajipanga kuwa nyuzi ngumu ndani ya seli nyekundu, na seli inapinda. Katika herufi zaidi ya bilioni 3, moja tu!

Na kwa kuwa tumetaja bilioni, piga hesabu hii kabla ya kuuliza maswali. Kila seli yako yenye kiini ina seti mbili, jumla kama jozi za besi bilioni 6.2. Kati ya kidato na kidato ni nanomita 0.34. Zidisha. Utapata kama mita 2 ndani ya kila seli, zimeviringishwa kwenye protini zinazoitwa histoni na kugawanywa katika kromosomu 46.

MASWALI YA WANACHAMA

Hassani, Nanyamba: Mwalimu shikamoo. Spiriti duka la huku imeisha. Msimu ukifika uraka haukosekani, je, unafaa? Na nipa?

Marahaba Hassani. Uraka hapana, kilevi chake ni kidogo mno, DNA itabaki imeyeyuka humo humo. Nipa kwa nguvu huenda ikakaribia, lakini haina kipimo kinachojulikana, inaweza kuwa na methanoli, na ni kinyume cha sheria. Subiri spiriti. Vitakasa mikono vya jeli navyo viache, ule mnato unaharibu kila kitu.

Somoe, Tandahimba: Naweza kutumia mabibo badala ya ndizi? Msimu yanaoza tu chini ya mikorosho.

Jaribu, ila usitegemee mengi. Ukakasi wa bibo unatokana na tanini, na tanini hushikamana na protini na kuichafua DNA. Unaweza kupata ute wa kahawia usiovutika. Kitunguu maji au papai bivu ni bora. Ukilijaribu bibo tuletee picha hata likishindikana.

Mwanafunzi, kidato cha sita, Lindi mjini: Mtihani wa majaribio uliuliza: DNA ina adenini asilimia 30, tafuta sitosini. Nilikwama.

A ni 30, basi T ni 30, jumla 60. Zinabaki 40 za G na C, nazo ni sawasawa, kwa hiyo C ni 20. Angalia mtego mmoja: wakisema ni uzi mmoja tu, au RNA, kanuni hiyo haitumiki, kwa sababu hakuna mwenzake wa kushikana naye.

Babu wa Kitangari: Nina mkorosho mmoja unaozaa kupita yote. Nilipanda korosho zake, miti iliyoota haifanani na mama. Lakini miche ya kubebesha niliyopewa inafanana yote. DNA inahusikaje hapo?

Babu, shikamoo. Inahusika moja kwa moja. Ua la mkorosho linapokea chavua kupitia wadudu, mara nyingi kutoka mti mwingine. Korosho uliyoipanda ina nusu ya DNA ya mama na nusu ya baba usiyemjua, tena hiyo nusu ya mama imechanganywa upya, kila korosho kwa namna yake. Ukibebesha, unachukua kikonyo cha mti mama na kukiunganisha kwenye shina la mche mwingine. Seli za kikonyo zinajigawa kwa kunakili tu, kama tulivyofanya Hatua ya 8, kwa hiyo matawi yatakuwa ya yule mama na yatazaa kama yeye. Mizizi inabaki na DNA ya mche wa chini. Watu wa utafiti pale Naliendele kazi yao kubwa kwenye korosho ni hiyo, kuchagua miti mama na kuizalisha bila kuipoteza. Huo mti wako waonyeshe bwana shamba, babu, usiukate.

Mama Zuhura, Nachingwea: Muhogo wangu una batobato, wa jirani una michirizi ya kahawia. Mtoto anasema virusi vina DNA. Vyote?

Mwanao yuko nusu sahihi, mama. Kirusi cha batobato kina DNA, tena ya uzi mmoja, tofauti na yetu. Vya michirizi ya kahawia vina RNA. Vyote huenezwa na inzi weupe na kwa vipando vilivyoambukizwa. Kwa mkulima dawa haipo ya kunyunyizia. Ng'oa wenye dalili, panda vipando safi vya aina inayostahimili. Michirizi ina hila zaidi kwa sababu majani yanaweza kuonekana mazuri kumbe mzizi ndani umeoza.

Asiyetaka jina, Mtwara: Mimi na mume wangu tumepimwa, wote tuna nakala moja ya selimundu lakini hatuumwi. Mtoto wa kwanza ana ugonjwa. Nimeambiwa kwa kuwa mmoja ameshaupata, watatu wanaofuata watakuwa salama. Ni kweli?

Pole dada yangu, si kweli, na aliyekuambia amekupotosha. Kila ujauzito unaanza upya: nafasi moja kati ya nne mtoto apate nakala mbili na augue, mbili kati ya nne apate moja kama ninyi, moja kati ya nne asipate kabisa. Mimba iliyopita haibadilishi chochote. Nenda na mume wako mkamwone daktari kabla ya mimba inayofuata, na mtoto aliyepo asikose kliniki yake. Wala msilaumiane. Nakala moja hiyo humkinga mtu dhidi ya malaria kali, ndiyo maana imeenea sana kwenye maeneo yenye mbu kama yetu.

Kijana wa Mchinga: Mwalimu, mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, huku mkoani Lindi, si iko Berlin? Wakitoa DNA yake wanaweza kuwafufua?

Iko Berlin kweli, ilichimbwa 1909 hadi 1913 na kubebwa vichwani mpaka bandari ya Lindi. Lakini wanyama wale waliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na DNA inakatikakatika yenyewe hata ikizikwa. DNA ya zamani kuliko zote iliyosomwa hadi tafiti za 2022 ina umri wa miaka kama milioni 2, nayo ilitoka kwenye udongo ulioganda wa Greenland. Ardhi ya Lindi haigandi. Hakuna cha kufufua.

Ila ya binadamu wa juzi ipo. Mwaka 2023 watafiti walichapisha DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani yetu na mji mmoja wa bara, baadhi wakiwa wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika zaidi kwa upande wa kina mama, na asili ya Kiasia iliyotoka hasa kwa wanaume wa Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama mwaka 1000. Waliwezaje kutofautisha mama na baba? Mitokondria, vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli, zina DNA yao ndogo, jozi 16,569, unayorithi kwa mama tu. Kromosomu Y inatoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume. Wakasoma zote mbili.

Mzazi, Masasi: Nataka kupima kama mtoto ni wangu. Naweza kutumia njia hii ya jikoni?

Hapana kaka. Jikoni unaiona DNA, huisomi. Kupima uzazi wanalinganisha sehemu maalumu ambazo marudio ya herufi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Hapa nchini kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kazi hiyo ni ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Ombi linapitia njia za kisheria kama mahakama, wakili au ofisa ustawi wa jamii. Anzia ustawi wa jamii wilayani kwako, na uwe umeshaamua utafanya nini majibu yakija upande wowote.

Somoe, Tandahimba: Nimefanya na kitunguu, imetoka! Naihifadhije ili wanangu waione wakitoka madrasa?

Hongera sana. Iache kwenye kichupa kidogo chenye spiriti, kaza kifuniko, bandika karatasi yenye jina ili mtu asidhani ni dawa, weka juu mbali na moto. Itakaa siku nyingi.